Siku nane Krete: jinsi chama chetu kilivyofurahia Ugiriki bila kurudi na madeni

Tulianza na shilingi 10,000. Kila tarehe 5 ya mwezi, kwa miaka miwili, sisi wanne tulimtumia mhazini wetu pesa kwa simu, naye akajibu kwa neno moja tu: "Imefika." Ukichelewa hadi tarehe 6, unapigiwa simu. Ukichelewa hadi tarehe 7, unatajwa kwenye kundi la WhatsApp mbele ya wenzako. Hivyo ndivyo tulivyofika Ugiriki.

Chama chetu ni kidogo. Kina mwenyekiti, mhazini, katibu (ndiye ameshika kalamu hapa kwa niaba ya wote), na mwanachama mmoja ambaye kazi yake ni kupinga kila pendekezo. Tulipotaja Krete, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki, huyo mpinzani aliuliza swali ambalo pengine nawe unaliuliza sasa hivi: "Jamani, mnaenda kutafuta bahari Ulaya na Diani iko hapa?"

Swali zuri. Jibu lake tulilipata huko huko, na tutakupa mwishoni. Kwanza tuongee pesa, kwa sababu ndizo zilizokaribia kutuharibia raha mara tatu, na mara zote tatu kosa lilikuwa dogo sana.

Kabla ya ndege: pesa ambazo hazionekani kwenye picha

Picha za Ugiriki mtandaoni zinaonyesha maji ya buluu na nyumba nyeupe. Hazionyeshi viza. Mkenya anahitaji viza ya Schengen, na ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Ukinyimwa, hiyo pesa hairudi. Juu yake kuna bima ya safari yenye kiwango cha angalau euro 30,000, taarifa za benki, na uthibitisho wa mahali utakapolala. Ombi linapokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisiletwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Ushauri wetu: usisubiri hizo siku 15, na usinunue tiketi isiyorudishiwa pesa kabla viza haijatoka.

Kila mmoja wetu alikuwa na shilingi 240,000. Ndege, viza na bima zilikula zaidi ya nusu. Tukalipia nyumba ya vyumba viwili, tukalipia meli, halafu mhazini akagawa kilichobaki kwa siku nane. Akatangaza: euro 50 kwa mtu kwa siku, kwa kula, kusafiri na kustarehe. Ikiisha saa nne asubuhi, basi siku yako imeisha saa nne asubuhi.

Hapa ndipo tulipokutana na mtego wa kwanza. Tulipokuwa tunatafuta nyumba, tangazo moja lilitupendeza mno. Mwenye tangazo akatuandikia kwamba tukimtumia pesa moja kwa moja, nje ya tovuti ya kukodi nyumba, atatupunguzia asilimia 20. Mwenyekiti alishaanza kufungua programu ya benki. Mpinzani wetu, kwa mara ya kwanza katika historia ya chama, akapinga kitu cha maana: "Kama nyumba ni yako, mbona unaogopa risiti?" Tukaachana naye. Wiki moja baadaye tangazo lilikuwa limetoweka. Ukilipa ndani ya tovuti, una pa kulalamika. Ukilipa pembeni, huna.

Kitu kingine ambacho hatukukihesabu ni ada ya serikali ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, ambayo mgeni hulipa kwa kila usiku, kwa kila chumba au nyumba. Mwaka 2025, kuanzia Aprili hadi Oktoba, ilikuwa euro 8 kwa usiku kwa nyumba ya kukodi kama yetu, na kwa hoteli hupanda kulingana na nyota, kutoka euro 2 hadi 15. Usiku saba, euro 56. Si wizi, ni sheria. Lakini ukifika bila kujua, utadhani mwenye nyumba anakuchezea.

Chania, mji uliojengwa na wengi

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Athens, kwa hiyo utabadilisha njiani. Kutoka uwanja wa ndege wa Athens, treni ya mjini inakupeleka hadi bandari ya Piraeus bila kubadilisha, kwa euro 9. Huko tulipanda meli ya usiku kuelekea Krete. Ni safari ya saa kama tisa. Hatukukodi kitanda, tulilala kwenye viti tukiwa na majaketi, na tukaokoa bei ya chumba cha usiku mmoja. Asubuhi tukashuka Souda, na basi likatufikisha Chania kwa muda mfupi.

Mji wa kale wa Chania una vichochoro vyembamba ambavyo vingemfanya mtu wa Lamu au wa Mji wa Kale Mombasa ajisikie nyumbani, isipokuwa hakuna punda. Bandari ilijengwa na watu wa Venisi. Msikiti wenye kuba uliopo kando ya maji ni wa karne ya 17, baada ya Waturuki kuuteka mji mwaka 1645. Mnara wa taa unaitwa mnara wa Wamisri, kwa sababu ulijengwa upya katika karne ya 19 wakati Krete ilipokuwa chini ya utawala wa Misri. Na kwenye ngome ya Firka ndipo bendera ya Ugiriki ilipopandishwa tarehe 1 Desemba 1913, Krete ilipoungana rasmi na Ugiriki. Kutembea pale kuzungukia bandari hadi kwenye mnara hakuna kiingilio. Tulitembea mara tatu.

Kidokezo cha adabu: wakati wa kiangazi, kati ya saa tisa alasiri na saa kumi na moja na nusu, ni saa za utulivu kisheria. Maduka mengi madogo hufunga, watu hulala. Usifungulie muziki. Na mtu akikwambia "ne", usidhani amekataa, hilo neno kwa Kigiriki ni "ndiyo". Akiinua kidevu juu kidogo bila kusema kitu, hapo ndipo amekataa. Ilituchukua siku mbili kuzoea.

Ufuo ni wa kila mtu, lakini kitanda kina mwenyewe

Dakika chache kwa miguu kutoka bandarini kuna ufuo wa Nea Chora. Ni wa mjini, si wa kupiga picha za kuwavutia watu, lakini maji ni safi na bibi wa miaka themanini anaogelea saa moja asubuhi akiongea na rafiki yake kama wako sokoni. Tulikaa juu ya taulo zetu. Gharama: sufuri.

Kisheria, ufuo wote Ugiriki ni mali ya umma. Wafanyabiashara hukodishiwa sehemu waweke vitanda na miavuli, na miaka ya nyuma wengine walijaza mchanga wote mpaka mwananchi akakosa pa kutandika taulo. Kiangazi cha 2023 wakazi wa kisiwa cha Paros waliandamana, wakiwa na taulo zao. Vuguvugu likasambaa visiwa vingine, na mwaka 2024 serikali ikaleta sheria mpya: angalau nusu ya ufuo ibaki wazi, na asilimia 70 katika maeneo yaliyohifadhiwa. Vitanda navyo vikae angalau mita 4 kutoka kwenye maji.

Kwa hiyo mhudumu akija na kukwambia lazima ulipie kitanda ndipo ukae, tabasamu, tafuta sehemu iliyo wazi, tandika taulo yako. Ukitaka kitanda, uliza bei kabla ya kukaa. Mstari wa kwanza karibu na maji huwa ghali kuliko wa tatu, na jua ni lile lile.

Sahani ya Krete

Kama kuna sehemu ambayo hatukujuta senti, ni hii. Wakrete wanakula vitu ambavyo ukivitazama unaona ni vya kawaida, halafu unaonja.

Dakos ni mkate mkavu wa shayiri, mgumu kama jiwe, unaolainishwa kwa nyanya iliyokunwa, jibini laini ya kienyeji, mafuta mengi ya zeituni na oregano. Boureki ya Chania ni viazi, aina ya boga changa la kijani, jibini na mnanaa, vyote vikiokwa pamoja. Na kuna horta. Mpinzani wetu alipoletewa horta alicheka kwa sauti: "Hii si terere?" Ni mboga za majani, nyingi za kuchuma porini, zimechemshwa, zikatiwa mafuta ya zeituni na limau. Si terere, lakini ni binamu yake wa karibu. Akamaliza sahani, akaagiza nyingine.

Kuna pia wali wanaouita gamopilafo, yaani pilafu ya harusi. Mchele unapikwa ndani ya supu ya nyama mpaka unakuwa laini kabisa, kisha siagi na limau. Hauna iliki wala mdalasini, na mtu wa Pwani angeuliza viungo viko wapi. Lakini sikiliza lile jina: pilafu na pilau ni neno moja, lililosafiri kutoka Uajemi likaenda pande mbili. Sisi tulilipata kupitia Bahari ya Hindi, wao kupitia Waturuki. Chakula cha harusi kwao, chakula cha harusi kwetu.

Pweza huchomwa kwa mkaa baada ya kuanikwa juani kwenye kamba, kama nguo. Utaona wamening'inia mbele ya mikahawa.

Sasa upande wa bili, mambo manne:

Mkate huletwa bila kuagizwa, na mara nyingi unahesabiwa kwa kila mtu. Ni pesa kidogo, lakini wanne kwa siku nane zinajumlika. Unaweza kusema huutaki.

Samaki wabichi huuzwa kwa kilo. Bei iliyoandikwa kwenye menyu ni ya kilo, si ya sahani. Mwambie mhudumu akupimie samaki wako kabla hajaingia jikoni, na akutajie jumla.

Mwisho wa mlo huletwa matunda au kitu kitamu, na vikombe vidogo vya raki. Hivyo ni zawadi ya nyumba, havimo kwenye bili. Kwa asiyekunywa pombe, kama mhazini wetu, kuinua mkono kifuani na kusema "efharisto", yaani asante, kunatosha.

Bakshishi si lazima. Wengi huongeza sarafu kidogo, au kama asilimia 5 hadi 10 wakihudumiwa vizuri.

Na ukiwa na haraka au bajeti imekaza, gyros iko kila kona: nyama, nyanya, vitunguu, viazi na mtindi ndani ya chapati nene. Tulikuwa tunailipia kama euro 4. Ilituokoa zaidi ya mara moja.

Mashine ilipouliza: euro au shilingi?

Usiku wa kwanza, bili ilikuwa euro 60. Mhudumu akaleta mashine ya kadi. Kwenye kioo kukatokea chaguo mbili: kulipa kwa shilingi za Kenya, au kwa euro. Kidole cha mwenyekiti kilikuwa tayari njiani kuelekea shilingi. Si ndiyo pesa tunayoijua? Mhazini akamshika mkono hewani. "Bwana, wacha hiyo!"

Kumbe alikuwa sahihi. Ukichagua shilingi, anayebadilisha pesa ni kampuni iliyo nyuma ya ile mashine, kwa bei anayoitaka yeye. Ukichagua euro, ubadilishaji unafanywa upande wa kadi yako, na kwa kawaida bei huwa nafuu. Tupige hesabu ya mfano. Tuseme upande wa kadi yako euro 1 ni shilingi 152, na mashine inaihesabu kwa shilingi 162. Kwa bili ya euro 60, ya kwanza ni shilingi 9,120 na ya pili ni shilingi 9,720. Umepoteza shilingi 600, karibu bei ya gyros, kwa kubonyeza kitufe kimoja. Fanya hivyo mara mbili kwa siku, siku nane, uone.

Kanuni ni fupi: ukiwa Ugiriki, lipa kwa euro. Swali hilo hilo litakuja kwenye ATM, na jibu ni hilo hilo. Kwenye ATM kuna ziada moja: mashine nyingi hutoza kadi za kigeni euro kadhaa kwa kila utoaji, kwa hiyo toa mara chache, kiasi cha kutosha, na upendelee mashine zilizopo kwenye benki zenyewe kuliko zile za kando ya barabara za watalii. Kabla ya kuondoka nyumbani, uliza pia benki yako inakata asilimia ngapi ukilipa kwa pesa za kigeni.

Kitu kingine kizuri tulichokiona: biashara za Ugiriki zinatakiwa kisheria kupokea kadi na kutoa risiti. Mikahawani kuna tangazo linalosema mteja halazimiki kulipa kama hajapewa risiti. Ni maandishi madogo, lakini yako pale kwa ajili yako.

Na pochi yako ya simu je? Kule huwezi kulipa kwa nambari ya biashara kama unavyolipa kibandani Nairobi. Kilichotusaidia ni kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pochi ya simu. Tuliitumia kulipia meli na nyumba tukiwa bado Kenya, tukiweka kiasi kinachohitajika tu. Hata nambari zake zingeibwa, mwizi angekuta salio la kununulia peremende. Lakini kwa mikahawa ulihitaji kadi ya kushika mkononi, na kwa kukodi gari karibu wote wanataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva. Hatukuwa nayo, tukapanda basi.

Saa tisa alasiri, Elafonissi

Siku ya nne tulikwenda Elafonissi, kama kilomita 75 kutoka Chania, kwenye kona ya kusini magharibi ya kisiwa. Basi linapita milimani, kwenye korongo la Topolia, na tulipoteremka mpinzani alinyamaza kwa dakika tano nzima. Mchanga una rangi ya waridi, kutokana na vipande vidogo vya kombe na viumbe vya baharini vilivyosagika. Maji ni ya kina kifupi, unavuka kwa miguu mpaka kwenye kisiwa kidogo kilicho mbele. Ni eneo lililohifadhiwa, hairuhusiwi kubeba mchanga, hata konzi moja ya kumpelekea mama.

Saa tisa alasiri simu ya mwenyekiti ikalia. Ilikuwa ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mdogo wake aliye chuo kikuu: usajili wa mitihani unafungwa saa kumi na moja jioni, salio la karo ni shilingi 18,000, mama hana, naomba kaka. Wakati wa kiangazi saa za Ugiriki na za Kenya ni zile zile, kwa hiyo hakukuwa na hesabu ya kufanya. Saa mbili zilibaki.

Mwenyekiti alikuwa na hizo pesa. Zilikuwa kwenye pochi yake ya simu. Tatizo ni kwamba simu yake ina nafasi ya laini moja, na alipofika Athens aliitoa laini ya Kenya akaweka ya Ugiriki kwa ajili ya intaneti. Laini ya Kenya ilikuwa mezani Chania, ndani ya kikombe cha kahawa, kilomita 75 kutoka tulipokuwa. Na hata angekuwa nayo, hakuwa amewasha huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla ya kuondoka.

Tukatazamana. Yeye alikuwa amekaa mbele ya maji mazuri kuliko yote aliyowahi kuona, na hakuyaona tena.

Mhazini alikuwa na simu ya laini mbili. Ya Kenya alikuwa ameiacha mahali pake, huduma ya nje ya nchi ikiwa imewashwa tangu Nairobi, intaneti ya laini hiyo imezimwa ili isimle. Angeweza kutuma. Lakini kabla ya kufungua chochote, alisema: "Mpigie kwanza. Nataka kusikia sauti yake."

Mwenyekiti alikasirika kidogo. "Ni mdogo wangu, dada, namjua."

"Nambari unaijua. Anayeandika humjui."

Na ni kweli. Mtu akijua uko safarini, umeweka picha kila siku, anajua pia kwamba una haraka na huwezi kwenda kuuliza mlangoni. Akaunti ya ndugu yako ikiingiliwa, ujumbe utakaokuja utafanana kabisa na ule. Akapiga. Mdogo wake akapokea, sauti ikitetemeka, ni yeye. Akataja nambari ya biashara ya chuo na nambari yake ya usajili. Mhazini akalipa moja kwa moja chuoni. Saa tisa na dakika ishirini jibu likaja kutoka nyumbani: "Imefika."

Mwenyekiti alimrudishia mhazini usiku ule ule. Alitoa laini kwenye kikombe, akaazima hereni ya mhazini kufungulia kidude cha laini, na baada ya kuhangaika kuwasha huduma akatuma. Kisha akarudi kwenye habari ya bahari: "Kwani yale maji yalikuwa rangi gani hasa?"

Jioni kando ya maji

Jua likitua, Chania nzima inatoka nje. Wanaita volta: kutembea tu, polepole, familia nzima, bila pa kwenda. Wazee wamekaa kwenye kahawa wakichezea shanga wanazoziita komboloi. Zinafanana na tasbihi, ila si za kuswalia, ni za kutuliza mikono.

Jioni moja tulikwenda Koum Kapi, nje ya ukuta wa mashariki wa mji wa kale. Leo ni safu ya mikahawa, lakini zamani ndipo walipoishi Waafrika waliofika Krete wakati wa Waturuki na Wamisri. Wenyeji waliwaita Halikoutides. Walikuwa wapagazi na watu wa mashua bandarini. Mwaka 1923, Ugiriki na Uturuki zilipobadilishana wakazi kwa misingi ya dini, Waislamu waliondolewa, nao karibu wote wakaondoka. Mmoja aliyebaki, mwenye mashua aliyejulikana kama Salis, alipendwa sana na mji huo hadi alipofariki mwaka 1967. Tulikuwa tumedhani sisi ni wageni kabisa pale. Kumbe watu wa rangi yetu waliishi kwenye ufuo ule ule, vizazi kadhaa kabla yetu.

Usiku ule tulimsikia mzee akipiga lira, ameiweka wima juu ya goti, akiimba mantinada: mistari miwili tu, yenye vina, kila mmoja mizani 15. Katibu, aliyesoma ushairi shuleni, alihesabu kwa vidole. Shairi letu lina mizani 16 kwa mshororo. Tumewazidi kwa moja.

"Avrio"

Usiku wa mwisho tulirudi kwenye mkahawa mdogo wa Nea Chora tuliouzoea. Bili ilikuwa euro 52. Mashine ya kadi ikagoma, mtandao ulikuwa umekatika mtaa mzima. Tukachanganya pesa za mifukoni, tukapata euro 40. Mhazini akasimama kwenda kutafuta ATM. Mama mwenye mkahawa, ambaye hatukuwa na lugha moja naye zaidi ya salamu, akamshika bega akamkalisha. Akasema neno moja: "Avrio." Kesho.

Hakuandika popote. Hakutuuliza tunalala wapi. Nyumbani hata muuza duka anayetujua tangu utotoni ana daftari.

Asubuhi meli ilikuwa bado, lakini mizigo ilikuwa imefungwa na mpinzani akasema tusichelewe, euro 12 tu. Mhazini hakumjibu. Dawa ya deni ni kulipa. Tulikwenda sote wanne, tukamkuta mama akimwagia maji maua, tukampa pesa zake. Alionekana kushangaa kidogo kwamba tumefanya jambo hilo kuwa kubwa. Kisha akatufungia tini kwenye karatasi.

Njiani ndipo mpinzani alipojijibu mwenyewe lile swali la Diani. Alisema bahari ya Diani ni nzuri vile vile, na pengine mchanga ni mweupe zaidi. Ila sasa anataka kwenda Diani akae kama wale bibi wa Nea Chora: na taulo yake, asubuhi, bila haraka. Mwezi uliofuata tarehe 5 alituma elfu kumi, wa kwanza kati yetu.

Kabla hujapanda ndege, hakikisha

1. Huduma ya kutumia laini nje ya nchi imewashwa ukiwa bado Kenya, na laini yako ya Kenya inabaki ndani ya simu. Nambari za uthibitisho wa kadi huja kwa SMS kwenye laini hiyo.

2. Mwenzako mmoja unayemwamini anaweza kukutumia pesa ukikwama. Muwe mmekubaliana mapema.

3. Una njia tatu za kulipa: kadi ya mkononi, kadi ya mtandaoni, na euro taslimu kidogo. Usiziweke mfuko mmoja.

4. Unajua viwango: kwa pochi ya simu Kenya, muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na salio halizidi shilingi 500,000.

5. Kwenye mashine, chagua euro. Kila mara.

6. Ombi lolote la pesa la dharura, sikia sauti kwanza. PIN yako usimpe mtu, hata anayesema anapiga kutoka kwetu.

Na chama chako kikianza leo kwa elfu moja, hiyo pia ni safari. Tafuta mhazini asiyeogopa kukupigia simu tarehe 6.